Mafuta ya Mbuzi Mwezi wa Saba

Pijo kuukuu ya Njogu ilikuwa imeshatoka mtaa wa Jericho, Nairobi, Mzee Gichuru kaushika mlango kwa mikono miwili. Alikuwa akirudi kwake Limuru baada ya kuja kumtazama mtu anayetaka kumwoa binti yake, na jibu alisema atalitoa wakifika stendi ya basi. Njogu, seremala wa miaka arobaini na ushei, aliendesha kama aliyebeba mayai. Kila kona mlango ulifunguka, na mzee nusura aende nao.

Warigia, aliyekaa nyuma, alimwomba baba yake wabadilishane nafasi. Mzee akasema yeye nyuma ya gari la mkwe hakai, na hili bado si la mkwe.

Julai ile ya themanini na nne baridi ilikuwa ya kukata masikio. Njogu hakuelewa. Kitasa alikitengeneza mwenyewe Februari, na mlango ukafunga vizuri miezi yote ya jua. Jana ulipoanza kusumbua aliongeza mafuta yaleyale. Leo ulimi wa kitasa umekwama ndani, hautoki.

"Kijana," mzee akasema, "gari lako linanuka supu."

Warigia akainama akanusa, akauliza kitasa kimepakwa nini. Njogu akakohoa. Alipaka mafuta ya mbuzi ya machinjioni Kiamaiko, yale anayopaka skrubu na msumeno ili mbao zisishike.

"Na sufuria ya nyama ikilala nje, Njogu, asubuhi unakuta nini?" Warigia akauliza.

"Mafuta yameganda," Njogu akasema. Alisimama Kaloleni, kwenye kibanda cha chai jirani na duka la ushonaji la Warigia. Mwenye kibanda akatoa birika la maji moto, Warigia akaleta mafuta ya cherehani. Njogu alifanya kama Warigia alivyomwelekeza: akamwagia maji, akafuta ule ukoko mweupe, akatia matone. Ulimi ukaruka nje. Mzee akaufunga mlango, akaufungua, akaufunga tena, hana haraka.

Stendini hakumtazama Njogu. Alimwambia binti yake, "Huyu anarekebishika. Mchukue."

Walioana Desemba. Mzee Gichuru alikaa kiti cha mbele mpaka alipofariki. Mwenye kibanda alihamia Kayole. Pijo iliuzwa Dandora, ikawa banda la kuku. Warigia aliendelea kushona. Njogu aliendelea kupaka skrubu mafuta ya mbuzi, ila vitasa alimwachia mkewe.