Mkanda wa Mama

...kinazunguka kwa wepesi mno, hiki kipini cha kurudishia mkanda kwenye kamera ya baba, hakina uzito wowote kidoleni, na mkanda uliopigwa picha thelathini na nne lazima uvute kidogo, lazima ukwaruze, lakini labda ni baridi, labda ni huu unyevu wa mji wetu wa Huế unaoingia hata kwenye chumvi, zungusha tu, Khiêm, polepole, utausikia ukishika, nimesimama jikoni kwa Mama nimeupa mlango mgongo, kule mbele wanapigilia turubai na jeneza lake limeshaingia, na mdogo wangu Nhạn anaita tena, Kaka, fremu ya picha imefika, mwenye studio anausubiri huo mkanda akausafishe, umekwama na nini huko?, nakuja, namjibu, mkanda haukimbizwi, na sauti yangu imetoka shwari kabisa, sijui nimeitoa wapi... baba alikuwa na studio yake karibu na soko la Đông Ba, na kitu cha kwanza alichonifundisha si mwanga wala nini, ni kipini hiki hiki, ukivuta mkanda kwenda picha inayofuata kitazame, alisema, kikizunguka mkanda unatembea, kisipozunguka unapiga hewa, umpigie mtu harusi nzima hewa, halafu ukimbilie wapi?, nikacheka, nilikuwa na miaka tisa, nikaona ni jambo la kutahadharisha wajinga, na dijitali haina kipini, ndiyo balaa yenyewe, miaka kumi na mmoja nawarekodia wageni filamu zao za safari, unabonyeza, picha hii hapa, hukuipenda unafuta, jicho likasahau kazi yake... nimerekodi vikongwe wa nchi hii kutoka Hà Giang kaskazini hadi Cà Mau kusini, wenye meno meusi, wanaotafuna tambuu, wanaosuka mikeka, maana wageni wanapenda mikunjo na moshi kidogo kwa nyuma, nina diski nne zimejaa mama za watu, na Mama aliniuliza siku moja huku akichambua mboga, hivi mikunjo yangu mimi haijafika kiwango?, nikacheka tu, na siku aliyokatiza na beseni lake nyuma ya mpishi niliyekuwa namrekodi nikamwambia Mama, umeingia kwenye picha, toka, akatoka, na kile kipande nikakifuta. Nilikifuta mwenyewe, kwa kidole hiki hiki.

Picha ya simu hakuitaka madhabahuni, pale nyumbani tunapoweka picha za marehemu wetu, sitakaa karibu na baba yenu nikiwa na rangi kama tangazo la sabuni, alisema, mwenzangu yuko kwenye filamu, nyeusi na nyeupe, na mimi niwekeni hivyo hivyo, kamera yake mnayo, na kila tulipoinua simu alifunika mdomo kwa kofia yake ya majani kwa aibu ya mapengo, kwa hiyo hakuna kitu, kuna kitambulisho tu, na mle ana uso wa mtu aliyesingiziwa wizi... nikamwahidi, nikapanga siku, akavaa áo dài, lile vazi lake refu la sherehe, la zambarau, akaweka meno ya bandia, akachora nyusi, saa mbili asubuhi ameshaketi uani kwenye kiti cha mianzi, na mimi, badala ya kumpiga yeye kwanza, nikategesha kamera ya dijitali pembeni, kwa sababu Maarten, yule Mholanzi ninayemfanyia kazi, alikuwa ameandika anataka kipande cha mikono ikipakia mkanda kwenye kamera ya zamani, polepole, kwa hisia, nikapakia, nikafungua, nikapakia tena, nikafungua, mara ya tatu nikageuza vidole vipate mwanga, macho yangu kwenye skrini, na ni hapo ncha ya filamu ilipochomoka kwenye meno ya gurudumu la kamera, nikaufunga mlango wa kamera kwa madaha... kipande ninacho, ni kizuri sana, mikono yangu inang'aa, na nyuma kabisa kuna doa la zambarau, halina uso. Na kihesabio cha picha chenyewe huhesabu tu, mkanda utembee usitembee, thelathini na nne, nikasema mbili zilizobaki tutamalizia Tết, mwaka wetu mpya, tukiwa wote, wiki tatu hazikuisha, juzi asubuhi akaanguka akisukutua mdomo... Kaka, watawa wa pagoda wanakuja saa tano na madhabahu iko tupu, anaita Nhạn, dakika mbili, namwambia, dakika mbili ulisema nikiwa naosha mchele, anasema, sasa wali umeiva... nilijua tangu mzunguko wa kwanza, nisijidanganye, nilijua, nazungusha kwa sababu nikiacha itabidi nigeuke, lakini kuna kitu kingine, kuna kitu alisema pale uani, picha ya tatu au ya nne, aliinua kidevu akasema, mwanangu, kipini hakizunguki, alisema wazi kabisa, na mimi jicho liko kwenye lenzi, akili iko kwenye kivuli cha pua yake, nikamwambia Mama, usisogeze mdomo, unaniharibia, na akanyamaza, Mungu wangu, mwanamke aliyempakia baba mikanda kwenye harusi za mji mzima, gizani, kwa kupapasa, alinitazama kidogo, akafunga mdomo, akaketi wima, geuka kushoto, Mama, akageuka, inua shingo, akainua, picha thelathini zaidi akijua hakuna hata moja inayoingia, na hakusema tena, hakununa, wakati wa chakula akanipakulia samaki mkubwa kuliko wa Nhạn, na mimi nilidhani amefurahia picha, kumbe alifurahi kwamba kwa saa nzima mwanawe alikuwa ameelekeza uso kwake, akaona hiyo inatosha, akaona asiikatishe... Nhạn ameingia, mikono yake ina ukoko wa wali, anasimama ubavuni kwangu, ametoka vizuri?, anauliza, nami nasema alitulia vizuri, alitulia vizuri sana, hakutikisika hata kidogo, na Nhạn anapangusa macho kwa kiwiko, anasema Mama alikuwa msikivu, ukimwambia kitu mara moja imetosha, nami naitikia kwa kichwa, na kidole bado kinazungusha.