Dakika Nne za Nakhumicha

Ukitaka kumkasirisha Millicent, muulize video ya harusi yake iko wapi. Mumewe Matheka amepiga video za harusi za nusu ya Eastlands, na kila bibi arusi kuanzia Dandora mpaka Umoja amepata nakala yake kabla mwezi haujaisha, keki ikikatwa polepole na maua yakidondoka kwenye pembe za picha. Ya Millicent, ambaye harusi yake ilifungwa Desemba ya mwaka elfu mbili na tisa, haijatoka mpaka leo. "Bado kidogo tu, Mama Kavinya," ndilo jibu la Matheka, na Kavinya mwenyewe, ambaye siku ile hakuwa hata ndotoni, sasa yuko kidato cha tatu.

Kuna mwaka Millicent alilia. Kuna mwaka alinuna wiki nzima, na Matheka akala ugali mkavu. Mwishowe akaacha kuuliza.

Wala si gauni alilolitaka, wala keki. Siku ile mama yake, Nakhumicha, alisimama akapewa maiki akasema dakika nne, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Miaka sita baadaye akafa. Picha zake zipo, za ukutani na za kitambulisho, lakini Millicent hakujua mahali pengine popote ambapo mama huyo anasimama, anapumua na kusema. Zilikuwa dakika nne tu, na Millicent aliishi akijua ziko ndani ya nyumba hii ya Komarock, katika chumba cha mbele wanachokiita studio, mikononi mwa mwanamume asiyejua kumaliza.

Sasa, wateja wa siku hizi huleta video walizopiga kwa simu zao mpya, na ile programu ya kuhariri ya Matheka ilikuwa haizifungui tena. Basi akanunua toleo jipya. Jumamosi moja ya mwezi wa pili akaliacha likijipakia, akaenda kushuti harusi Ziwani, akamwambia Millicent aichungulie kompyuta mara moja moja. Jua la saa tisa lilikuwa linapita kwenye pazia la manjano, na chumba kizima kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nje mtu alikuwa anapiga misumari bila haraka. Millicent alikuwa karibu kusinzia kitini, kompyuta ilipouliza kama ifute toleo la zamani.

Akampigia mumewe simu.

"Inauliza tufute ile ya zamani."

"Aa-aa! Usiguse. Bonyeza ibaki."

"Si juzi ulikuwa unalia mashine imejaa?"

"Wacha tu iwe, Mama Kavinya. Nitakuambia."

Bendi ya huko Ziwani ikaanza na simu ikakatika. Hiyo "nitakuambia" Millicent aliijua vizuri sana, ilikuwa ndugu wa toka nitoke na "bado kidogo". Hata hivyo akabonyeza ibaki. Alama mbili zikakaa kando kando kwenye skrini, moja ikimetameta na nyingine imepauka. Akaitazama ile iliyopauka. Mtu anang'ang'ania kikuukuu hivi kwa nini? Akaifungua.

Ndani mlikuwa na kazi moja tu, jina lake MILLI. Ilifunguliwa mara ya mwisho juzi, saa kumi na moja alfajiri.

Alfajiri zote hizo alikuwa akigeuka kitandani na kukuta upande wa pili umepoa, akisema maskini mume wangu, wateja wanamuua.

Akaicheza.

Alijiona akishuka kanisani, mwembamba, akicheka kwa meno yote. Akamwona Matheka ndani ya suti ya kuazima. Kila kitu kilikuwa kimehaririwa, kizuri, kimetulia. Kisha mshereheshaji wao, yule Andati mwenye kitambi, akamwita mama wa bibi arusi, na Nakhumicha akainuka kitini katika kitenge chake cha kijani. Millicent akasogeza kiti karibu.

Hapo sauti ikazimika. Picha ikayeyuka pole pole, na mama akawa amevaa kitenge cha manjano.

Alikuwa anatembea. Hatua ya kwanza aliipiga katika uwanja wa kanisa la Dandora, ya pili akaitua katika ukumbi wa Kariobangi. Alipita mlango mmoja na kutokea mwingine. Mkono wake ulianza kupanda ndani ya sweta ya kijivu, ukafika juu ukiwa na bangili nyekundu, ukashuka ukiwa umekonda, mkono wa ule mwaka wake wa mwisho. Alizeeka, akarudi kijana, akazeeka tena. Pembeni yake mabibi arusi wa watu walipita kama ukungu mweupe. Mahali pamoja alikuwa ameshika kifuniko cha sufuria na anacheza nacho, na kifuniko kikashika jua, na katika mwanga huo akageuka na kuangalia moja kwa moja ndani ya chumba, kana kwamba ameitwa.

Millicent akaicheza tena, halafu tena. Mara ya tatu ndipo alipoelewa anachokiona. Nakhumicha alikuwa mwanzishaji wa vigelegele wa Dandora nzima. Hapakuwa na harusi wala ubatizo ambao hakualikwa. Kila mara alikuwa kwenye ukingo wa picha, nyuma ya bega la mtu, na Matheka alikuwa nyuma ya kamera. Sasa alikuwa amemtoa huko kwenye kingo, kipande kwa kipande, akamkuza mpaka uso ukajaa chengachenga, akamshona akawa mmoja. Dakika nne kamili.

Alilia na kucheka kwa pamoja. Kisha, machozi yakiwa bado hayajakauka, akajiuliza: na zile dakika nne zenyewe ziko wapi?

Matheka aliporudi saa kumi na moja na nusu na begi la kamera begani, alimkuta mkewe ameketi pale pale, na mama mkwe amesimama kwenye skrini akiwa na kifuniko. Akaliweka begi chini taratibu.

"Umeona," alisema.

"Maneno yake yako wapi, Baba Kavinya?"

Matheka hakuketi. "Wiki moja baada ya harusi nilipata kazi Kayole, harambee ya paa la kanisa. Kanda zikaniishia. Nikachukua moja kwenye droo, haikuwa imeandikwa kitu. Nikarekodi juu yake. Kumbe ndiyo ya harusi yetu, kuanzia mama alipokwisha kusimama." Akajipangusa uso. "Niligundua nikiwa nimeshamaliza. Kwaya nzima inaimba juu ya mama."

"Miaka kumi na sita."

"Nilitaka nimwombe aje aseme tena. Lakini utamwambiaje mama mkwe kitu kama hicho? Kwenu mama mkwe hapewi hata mkono, hakaziwi hata macho. Kila nikifika Dandora namwona, aibu inanishika, narudi. Halafu akaenda."

Ilikuwa kweli. Katika uhai wake wote Nakhumicha na mkwe huyu hawakuwahi kutazamana usoni, ndiyo heshima ya kwao, na sasa hakuna mtu duniani aliyeujua uso ule kumshinda Matheka. Millicent aliliona hilo, na bado alimkasirikia kweli kweli. Alikasirikia alfajiri zile, na kila "bado kidogo" aliyoimeza. Alitamani amrushie kitu, na alitamani amkumbatie, akabaki ameshika ukingo wa meza.

"Na hiyo programu?"

"Nilijaribu ile mpya kwa Mutie, mwenzangu wa kazi hii, mwaka jana. Inafungua, lakini namna hii ya kuyeyusha picha waliitoa. Mama anarukaruka tu, na kila nilipounganisha inakuja alama nyekundu ya kosa. Hapa ndipo anapotembea. Ningeifuta ningempeleka wapi?"

"Na maneno? Si ulikuwepo? Si wewe ndiye uliyekuwa bwana arusi?"

Matheka akainamisha kichwa. "Nilikuwa natazama taa ya kamera yangu. Nilikuwa naogopa betri itaisha. Sikusikia hata neno moja, Milli. Vigelegele vyake ninavyo, hata kikohozi ninacho. Maneno ndiyo nimeyatafuta kila mahali."

"Kila mahali," alisema Millicent. "Na mimi nilikuwa hapo jikoni."

Matheka alimwangalia bila kuelewa.

"Ninayo yote. Nimeyasema moyoni kila siku nikiosha vyombo. Ungeniuliza siku ya kwanza tungemaliza jioni ile ile. Lete maiki."

Aliivuta mkononi, akaipandisha karibu na mdomo namna mama alivyokuwa akifanya, kwa kuidharau kidogo. Matheka akabonyeza. Kwenye skrini Nakhumicha akaanza kutembea, na sauti iliyotoka kwa Millicent ilikuwa imeshuka chini kuliko yake, na ndani yake mlikuwa na kicheko kinachozuiliwa.

"Nawasalimu nyote. Mwambieni huyo mkwe wangu, maana mimi simsemeshi. Mwambieni msichana huyu nimemlea na kelele zake. Akigomba amwache agombe, hana ugonjwa. Lakini siku atakayonyamaza, asimuulize kitu akiwa amesimama. Aende apike chai. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake, asitume mtu. Amletee, aketi chini, ndipo amuulize."

Akaendelea mpaka mwisho, mpaka ule mkono uliokonda ukashuka. Midomo ya mama haikulingana na maneno hata kidogo, na haikuonekana kama kosa. Picha ikasimama. Nje misumari ilikuwa imeacha, na pazia limebaki na rangi kidogo tu ya jua.

Matheka alisubiri mkewe aseme kitu, na Millicent hakusema kitu. Alitazama skrini, maiki ikiwa mapajani, kimya.

Basi Matheka akasukuma kiti, akapita nyuma yake bila kumgusa. Millicent akamsikia jikoni akifungua kabati lisilo la majani ya chai, akilifunga, akifungua jingine, kisha maji yakiingia kwenye sufuria.