Walinda Njia Waliojipaka Matope

Nchi ya Nyikandefu haimo katika ramani yoyote, ingawa wapo wanaoapa kwamba wamezaliwa humo. Ilikuwa na Njia Kuu moja tu, iliyotoka malishoni, ikazunguka Kona ya Mawe, ikateremka hadi mtoni. Zamani wanyama waliipita kwa fujo, na wadogo wakakanyagwa. Ndipo Mfalme Nyati alipowateua Mbwa Mwitu kuwa Walinda Njia, na kwa muda mrefu hakuna aliyelalamika. Mbwa Mwitu wana mabaka, na mabaka ya mmoja hayafanani na ya mwenzake. Mlinzi akikuonea, ulikwenda kwa Mfalme ukasema, "Ni yule mwenye doa jeupe begani," na mwenye doa akaitwa kujieleza.

Hilo ndilo lililomkera Makucha, mkuu wa walinzi. Alimwendea Mfalme akasema, "Walinzi wako wanatambulika, Mtukufu. Anayetambulika huchukiwa, na anayechukiwa hawezi kazi." Mfalme akaona maneno yana busara. Tangu siku hiyo Walinda Njia wakajipaka matope meusi kuanzia puani hadi mkiani, wakawa kama kivuli kimoja chenye meno mengi.

Asubuhi moja mume wa Bi Pongo alitoka kwenda mtoni, asirudi. Ndege waliokuwa juu ya miti walisema walimwona akisimamishwa kwenye Kona ya Mawe. Bi Pongo alikwenda huko.

"Shikamooni," aliwaamkia walinzi. "Mume wangu alisimamishwa hapa. Nauliza ni nani aliyemsimamisha."

"Walinda Njia," mmoja akajibu.

"Yupi kati yenu?"

"Mama, sisi sote ni Walinda Njia."

"Na kosa lake lilikuwa nini?"

Walinzi wakatazamana, kisha wakacheka bila sauti. Bi Pongo akarudi nyuma hatua kwa hatua, asithubutu kuwapa mgongo.

Akapeleka shauri barazani. Mfalme Nyati alikuwa ameketi kivulini, Waziri Korongo kulia kwake, Makucha kushoto.

"Baraza limesikitika sana," alisema Waziri Korongo, akiinamisha shingo yake ndefu. "Lakini, Bi Pongo, tusihukumu upande mmoja. Je, una hakika mumeo hakuwa na kosa?"

"Ndiyo maana nauliza, Mheshimiwa. Niambieni kosa lake."

"Aliyesimamishwa ana kosa," Mfalme akaingilia. "Asingekuwa na kosa, asingesimamishwa."

Baraza lote likatikisa vichwa kwa kustaajabia hekima hiyo.

"Basi waoshwe nyuso, Mtukufu," alisema Bi Pongo. "Mwenye haki haogopi kuonekana."

Makucha alimtazama kwa muda mrefu, kama anayekariri sura. Kisha akamnong'oneza Mfalme, Mfalme akamnong'oneza Waziri, na Waziri akasimama kutangaza amri mpya: kwa usalama wa walinzi, kuanzia sasa yeyote atakayeona mwenzake amesimamishwa njiani, ageuze uso na apite upesi.

Wanyama wakatii. Pundamilia walipita wametazama vichakani. Nyumbu walipita wamefumba macho, wakijikwaa. Na waliosimamishwa kwenye Kona ya Mawe wakabaki peke yao na wale wasio na sura.

Bi Pongo alijua zamu yake itafika. Kiu haina mbadala, na njia ya mtoni ni moja. Mchana mmoja wa jua kali, njia ikiwa imejaa, alisikia sauti nyuma ya jiwe: "Simama!"

Akasimama. Wakamzunguka.

"Umepita upande usio wako," alisema mkubwa wao.

"Upande wangu ni upi?"

"Ule usiopita."

Alihisi pumzi ya mmoja wao kwenye kisigino chake. Wanyama walikuwa wakipita, nyuso zimegeuzwa, kwato zikiharakisha. Akajua kwamba akinyamaza, baada ya muda mfupi njia itakuwa tupu. Akapaza sauti.

"Jina lako nani? Kosa langu nini?"

"Nyamaza!"

"Jina lako nani? Kosa langu nini?"

Bibi Pundamilia, kikongwe aliyekuwa akipita na wajukuu, alisita. Kisha, taratibu, akageuza uso na kutazama.

"Pita, bibi!" mlinzi akafoka. "Amri ya Mfalme!"

"Miguu imechoka, mwanangu," alisema. "Naona nipumzike hapa hapa."

Nyumbu aliyekuwa nyuma yake akasimama. Ngiri akasimama. Wa nyuma wakagongana na wa mbele, wakauliza kuna nini, nao wakatazama. Haikupita dakika, Njia Kuu yote ilikuwa imejaa macho. Hakuna aliyerusha jiwe wala aliyepiga kelele. Walinzi walionyesha meno huku na huku, lakini kila walikogeukia walitazamwa.

"Mjibu," alisema Bibi Pundamilia. "Kauliza mambo mawili tu."

Jua lilikuwa limekausha matope, nayo yakaanza kupasuka. Mlinzi mmoja, aliyekuwa ameinamisha kichwa muda wote, ghafla akajifuta uso kwa mkono. Baka la kahawia likatokea chini ya jicho.

"Naitwa Shembago," alisema.

"Funga mdomo!" alinguruma yule mkubwa, na kwa mngurumo huo wengi wakamtambua Makucha.

"Nilikuwepo siku ile, Bi Pongo. Mumeo hakuwa na kosa lolote. Makucha alimsimamisha, naye akauliza hayo hayo uliyouliza wewe. Akauliza mara ya pili. Hakupewa nafasi ya kuuliza mara ya tatu. Yuko bondeni, nyuma ya mawe."

Makucha akamrukia Shembago, lakini Nyumbu walikuwa wamekwisha kuziba njia kwa pembe zao. Bi Pongo hakungoja kuona mwisho wake. Alishuka bondeni, akaukuta mwili wa mumewe, akaketi kando yake mpaka wenzake walipomfuata.

Walipofika barazani wakiwa na Makucha katikati yao, Mfalme Nyati alitaka kusema neno kuhusu utulivu. Akatazama umati, na umati ukamtazama. Waziri Korongo alikuwa wa kwanza kuruka. Mfalme alitoka kwa miguu, upande wa nyuma, na Nyikandefu haikumwona tena.

Walinda Njia hawakuondolewa, maana Kona ya Mawe ingali ile ile, na bila mlinzi wadogo wangekanyagwa tena. Baada ya masika Bi Pongo alikuwa akiwahi mtoni, akaingia konani mbio. "Simama!" Akasimama papo hapo. Mlinzi kijana, mabaka yake wazi juani, akamsogelea na kusimama mbali kidogo.

"Shikamoo, mama. Naitwa Kihampa. Nimekusimamisha kwa sababu umeingia konani kwa kasi, na kuna watoto mbele."

"Marahaba," alisema Bi Pongo. "Ni kweli. Nimekosa."

"Basi nenda salama, mama."

Akaenda, polepole. Alipofika pasipo na mtu alijilaza kwenye nyasi, na kwa mara ya kwanza tangu bondeni akalia.