Mgonjwa Hodari wa Profesa Lahiri

Jamani, sirudi kwetu Barisal! Nabaki Kolkata, tena kwa amri ya baba yangu mwenyewe, na hivi ninavyowaambia mdomo bado una uchungu wa kahawa. Ngojeni nianze vizuri.

Baba yangu, Haripada Sikdar, ni karani mstaafu wa posta na daktari wa mtaa mzima bila kusomea. Ana sanduku la mbao limejaa vichupa vya vidonge vyeupe, vitamu, vidogo kama punje za uwele. Ukipita mlangoni kwetu unakohoa, hufiki kwako bila kulambishwa. Kwake yeye kusoma homeopathi, tiba ya vidonge hivyo, huko Kolkata ni sawa na kuhiji. Ndiyo maana aliniruhusu kuvuka mpaka peke yangu, huku shangazi Nirupoma akilia stendi mpaka basi likaona haya.

Lakini aliniwekea sharti. "Chumki, siku utakayougua, unarudi. Daktari mgonjwa ni kinyozi mwenye upara anayeuza dawa ya nywele."

Na nikirudi, kuna bwana mmoja mwenye duka la masinki na vyoo vya kukalia. Ameshaiona picha yangu. Ameshaipenda. Anasubiri.

Basi sikuugua. Mafua niliyameza. Samaki wa bwenini, ambaye nadhani alikufa kwa uzee, nilimla na sikutapika. Ningefika hivyo hivyo mpaka shahada, kama si Profesa Lahiri na kutu yake.

Sisi watu wa homeopathi, dawa mpya hatumpi mgonjwa kwanza. Tunampa mtu mzima wa afya, halafu tunakaa tunangoja aumwe. Atakachoumwa ndicho dawa itakachotibu. Profesa Lahiri, mwalimu wetu mkuu, alikuwa amekwangua kutu kwenye reli ya tramu, zile treni za barabarani. "Tramu zinakufa," alituambia, sauti ikitetemeka, "lakini roho ya mji huu imo relini!" Akaipunguza hiyo kutu kwa maji na spiriti, akapunguza tena, na tena, mpaka kutu yenyewe ikasahau kama iliwahi kuwa kutu. Akachagua wanafunzi wachache wa kuimeza, na mimi nikiwemo. Wengine wetu tungepewa sukari tupu bila kujua, na anayejua nani kapewa nini ni msaidizi wake tu, Madamu Kakoli.

Tukapigwa marufuku vitunguu vibichi, kafuri na dawa ya meno ya mnanaa. Zaidi ya vyote, kahawa! Kahawa eti inafuta dawa mwilini kama kitambaa kinavyofuta ubao.

Kila asubuhi tulisimama mbele ya Profesa kutangaza magonjwa. Mngeona mashindano!

"Sir, mimi kisigino cha kushoto kinawasha mwezi ukichomoza," anasema Sutapa, ambaye kila siku yupo mbele kwa kila kitu.

"Safi sana! Sikdar, wewe?"

"Mimi mzima, sir."

"Mzima? Tena? Wewe binti ni mtu au gogo?"

Watu wakacheka. Sutapa alicheka zaidi.

Ndipo nikamwona Dipayan. Anauza vitabu vya mtumba kwenye kibanda cha mjomba wake, College Street, pale tramu inaposimama. Nilikwenda kununua kitabu cha mifupa, nikatoka na kitabu cha kilimo cha jute, mmea wa kushonea magunia, kwa sababu alichonipa ndicho nilichochukua. Kesho yake, Profesa aliponiuliza, nilisema kweli tupu.

"Sir, moyo unakwenda mbio."

Profesa akainuka. "Unazidi lini?"

"Nikisikia kengele ya tramu."

"Ya tramu!" Chaki ikamponyoka. "Unapungua lini?"

"Haupungui, sir. Ila napata nafuu nikielekea upande wa vitabu."

"Chakula?"

"Hakipiti."

"Usingizi?"

"Nacheka ndotoni. Wenzangu bwenini wamelalamika."

Sikudanganya hata neno. Jina la mtu hakuniuliza.

Sasa, kwingine kote duniani mwalimu akimpigia mzazi simu kuhusu mwanafunzi mgonjwa, anasema pole. Wetu sisi? Nilikuwa nimesimama pale pale mezani kwake, namsikia kwa masikio haya.

"Bwana Sikdar, hongera! Binti yako anaumwa vizuri ajabu! Tangu nianze kazi sijapata mgonjwa hodari namna hii!"

Nikajua nimekwisha.

Kabla wiki haijaisha, baba na shangazi hao, wana chupa ya achari ya embe na sanduku tupu la kubebea nguo zangu. Walipotea College Street, wakauliza njia, na mnajua nani aliwaonyesha? Dipayan! Akawabebea na sanduku mpaka ofisini kwa Profesa, bila kujua anabeba jeneza lake.

"Nimekuja kumchukua," baba akasema.

"Moyo wa mwali kwenda mbio!" shangazi akadakia. "Mwenye masinki akisikia, atasema tumemuuzia bomba linalovuja!"

Madamu Kakoli akakohoa. "Samahani, sir. Huyu Chumki hakumeza dawa. Chupa yake ilikuwa sukari tupu."

Nikaruka. "Umesikia, baba? Mimi mzima! Sukari tu!"

Shangazi akanitazama. "Kama ni sukari, moyo unamkimbilia nani?"

Macho yake yakazunguka chumba, yakapita kwa Profesa, yakapita kwa fuvu la plastiki, yakatua kwa Dipayan, aliyekuwa kakumbatia sanduku, masikio mekundu. Jamani! Nikiwa mgonjwa, narudi. Nikiwa mzima, narudi kwa mwendo wa kasi.

Aliyeniokoa ni kiburi cha Profesa.

"Sukari?" alinguruma. "Chupa zote zilikaa kabati moja! Nguvu ya kutu yangu imehamia kwenye sukari! Mnaona ilivyo kali?"

Mtu mwenye akili angecheka. Baba akatokwa na machozi. "Profesa, hata mimi niliwahi kuliona hilo, sandukuni mwangu."

Hapo nikaona upenyo wa kuponea, nikapita. "Baba, wewe ndiye mwalimu wangu wa kwanza. Kinachofuta dawa mwilini ni nini?"

Akajinyoosha kama anasomewa risala. "Kahawa! Kali, nyeusi, kila siku mpaka moyo utulie!"

"Barisal kuna kahawa," shangazi akasema.

"Ile ya unga wa kopo? Ile ni vumbi!" baba akang'aka.

"Na mgonjwa wangu asivuke mto mkubwa," Profesa akaongeza, kwa sababu alinitaka kwenye mkutano wake wa mwezi ujao. "Maji yatazifungia dalili ndani."

Kwenda Barisal bila kuvuka mto ni kuoga bila kulowa. Baba akakubali. Ila msichana hakai mgahawani peke yake! Akaangaza, akamwona mwenye sanduku.

"Kijana, wewe una adabu. Kuna kahawa ya kweli karibu na kibanda chako?"

"Mlango wa pili, mzee."

"Basi umsimamie anywe mpaka tone la mwisho."

"Nitajitahidi, mzee," Dipayan akasema, mnafiki mkubwa yule.

Shangazi akanifinya mkono. "Mimi si mjinga kama kaka yangu. Anakula hilsa, samaki wetu wa miiba?"

"Na miiba yake anaichambua kwa ulimi."

"Haya. Nyamaza unywe kahawa."

Mwenye masinki kaambiwa nina ugonjwa wa tramu. Kauliza kama unaambukiza, sasa anaangalia picha nyingine.

Baba alirudi na chupa ya kutu, zawadi ya Profesa. Juzi kanipigia kwa furaha: mzee Gopal wa gatini kabanwa kifua, kampa dozi. Nikapiga kelele ampeleke hospitali. "Chumki, unanifundisha mimi? Dawa hii imethibitishwa na moyo wako mwenyewe!" Ikabidi nimpigie shangazi, akamkokota mzee kwa riksho mpaka hospitali, huku baba akimkimbilia na chupa. Mzee amelazwa, anaendelea vizuri. Baba anatangaza mtaa mzima kuwa kutu imemponya, na foleni mlangoni kwetu imefika kisimani.

Barisal nzima sasa inameza mapenzi yangu, vidonge vitatu kabla ya chakula.