Kitu ya Kupatia Among Joto

Mwezi wa saba mwaka wa sitini na nne, mwanamume mmoja aliingia dukani kwangu Busia akanivuruga akili kwa Kiswahili chake, na mpaka leo sijakaa sawa. Hakuniibia, hakunitukana. Alitaka tu kununua taa.

"Mama, habari ya kazi," alisema. "Mimi natafuta kitu ya kupatia Among joto."

Duka langu lilikuwa la mabati, hatua chache kutoka mpakani, na ndani yake ungepata kila kitu cha kuwasha na cha kutia maji: taa za chemli, majiko ya makaa, vyungu, madebe, chupa za mpira za maji moto. Nilimuuliza huyo Among ni nani.

"Ni ya Mwalimu. Mwalimu amekwenda kwao Ulaya, likizo, ameniachia mimi. Asubuhi anakuwa baridi kama jiwe, mama. Hasogei. Mimi nakwenda kufa na mawazo."

Aliniambia anaitwa Okiror, mfanyakazi wa maabara katika shule moja ya Tororo. Nilimtazama nikajumlisha mambo yangu. Among ni jina la kike kwa Wateso, hilo nilikuwa nalijua. Mwalimu wa Kizungu, mtoto mwenye jina la Kiteso, baba mtu kapanda ndege kaenda zake. Sikuhitaji kuchorewa ramani.

"Mama yake yuko wapi?" nilimuuliza.

"Aliuawa huko Kwapa. Watu walimkuta shambani, wakampiga na mawe."

Nilishika ukingo wa meza. Kwapa nilikuwa na wateja wengi, watu wa kanisani, watu wa kukusalimu kwa mikono miwili.

"Na polisi wakafanya nini?"

"Polisi ya nini, mama? Watu walifurahi. Mwalimu alifika amechelewa, akapata Among peke yake, akamchukua."

Aliyasema hayo kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. Nilitaka kumfukuza, lakini nilimfikiria yule mtoto aliyeachwa. Nikauliza kama anakula.

"Kidogo sana. Maziwa hataki kabisa. Na ngozi yake imekauka, inatoka vipande-vipande. Mwalimu ameandika: joto peke yake haitoshi, hewa yake lazima iwe na maji-maji."

Hapo alinigusa pabaya. Mwaka mmoja kabla ya hapo, binti yangu Felistus alijifungua kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa njiti, mdogo wa kukaa kwenye viganja viwili, na ngozi yake ilikuwa ikibambuka hivyohivyo. Tulimwita Oguttu, jina la babu yake. Ilikuwa mvua na baridi. Niliwalaza mama na mwana katika chumba cha nyuma, nikaziba dirisha kwa gunia, nikawawekea jiko langu jipya lililojaa makaa, nikafunga mlango. Asubuhi ya siku ya nne Oguttu alikuwa amekufa pembeni mwa mama yake, na Felistus mwenyewe alikuwa bado usingizini. Nilimtikisa mpaka mkono ukachoka. Alipoamka alitapika, akasema kichwa kinampasuka. Mimi nilisema, tena kwa sauti, tena mbele ya majirani waliokwisha kujaa uani, kwamba amemlalia mwanawe.

Neno hilo lilifika kwa wakwe zake kabla ya maiti kuzikwa. Luke, mumewe, hakumfukuza, ila alianza kumtazama kwa namna ambayo Felistus hakuiweza. Aliporudi kwangu alikuwa na mimba nyingine, na siku ile Okiror alipoingia dukani mimba ilikuwa ya miezi minane. Alikuwa analala ameketi, mgongo ukutani, ili azoee kulala bila kumlalia mtoto. Alikuwa amesema huyu atakayezaliwa hatamlaza karibu naye hata siku moja. Atampasha joto vipi, hilo ndilo lililokuwa likinisumbua.

Kwa hiyo nilimwona Okiror kama mtu aliyetumwa kwangu. Akipona huyo Among, nami nitakuwa nimejua la kufanya kwa Felistus. Nilipiga moyo konde nikaanza kazi.

Kwanza nilimtolea jiko, tena zuri, la fundi wa upande wa Kenya. Alitikisa kichwa.

"Makaa hapana. Mwalimu ameandika."

"Sisi sote tumelelewa na jiko," nilimwambia, na nilikasirika kidogo. "Mwalimu wako amelelewa na nini?"

"Sijui, mama. Ameandika hapana."

Chupa ya mpira ya maji moto niliikataa mwenyewe. Inapoa kabla jogoo hajawika. Taa ya karabai inaunguruma, tena joto lake ni la kuokea mkate. Ikabaki taa ya chemli. Nilimuuliza Among analala wapi. Akasema ana sanduku la mbao lenye kioo mbele, na mfuniko wake unafungwa kwa kufuli.

"Kufuli la nini?"

"Wanafunzi, mama. Wanapenda kumshika-shika."

Kioo nilikielewa, maana nilikuwa nimesikia kwamba hospitali kubwa huwalaza njiti nyuma ya kioo. Kufuli nililimeza kwa shida.

Tukapanga hivi. Taa isiingie sandukuni, isije ikamuunguza au ikamlia hewa. Ikae nje, ndani ya debe lililokatwa ubavuni, na debe ligusane na ubao wa upande mmoja tu, ili Among akisikia joto limezidi asogee upande wa pili. Okiror alicheka kwa furaha akasema Mwalimu naye ameandika vilevile, upande moja moto, upande moja baridi. Nilijiona daktari. Kwa ajili ya unyevu alikuwa ameshika chungu kilichotumika, kimeng'aa kwa mafuta, kwa sababu kilikuwa bei rahisi. Nilimnyang'anya. Chungu kilichopikiwa hakitoi jasho. Nilimpa kipya, kile cha udongo mwekundu, nikamwambia akijaze maji, akiweke upande wa joto, kitatoka jasho mchana kutwa. Na juu ya nusu ya mfuniko atandike gunia bichi, alilowanishe asubuhi na jioni. Nilimwambia pia aache dirisha la chumba wazi kidogo, taa isijaze moshi. Kipimajoto alisema anacho cha maabara.

"Ukiona ngozi imelainika, niletee habari," nilimwambia. Chungu nilimpa bure. Sikuwa mtu wa kutoa vitu bure, majirani watakuambia.

Baada ya wiki tatu dereva wa lori la simenti aliniletea salamu: Among amechangamka, amekula, ngozi yake sasa inang'aa, mama aje aone. Nilikaa kwenye kreti la soda nikalia. Kisha nikafungua sanduku langu la nguo, nikatoa shali nyeupe niliyokuwa nimeifuma kwa ajili ya Oguttu. Nilimwambia Felistus naenda Tororo kumwona mtoto aliyepona, na nikirudi tutatengeneza sanduku kama lile.

Okiror alikuwa anakaa katika vyumba vya wafanyakazi, chini ya ule mwamba mkubwa wa Tororo. Alinikaribisha kwa heshima, akanipa kiti, akanionyesha taa yangu ndani ya debe, chungu chini, gunia bichi juu. Kila kitu kilikuwa kama nilivyosema. Alifungua kufuli, akafunua.

"Among," alisema, "mama yako amekuja."

Niliinama na shali yangu mikononi. Kitu kilichokuwa kimejiviringisha kando ya chungu kilijikunjua, kinene kama mkono wangu, madoa ya kahawia, kikainua kichwa.

Sikupiga kelele. Shali iliniponyoka ikamwangukia, na kichwa cha chatu kikapenya katikati ya zile nyuzi nyeupe, kikatoa ulimi, kikanitazama. Nilirudi nyuma nikakaa chini sakafuni, miguu ikiwa mbele yangu kama ya mtoto.

"Mama?" alisema Okiror. "Mama, unaumwa?"

Nilipopata maneno, niliyatumia yote. Nilimwambia ni mwongo, ni mshenzi, amenichezea. Nilimwambia nimemlilia nyoka. Nilimwambia nimempa nyoka chungu bure na shali ya marehemu. Yeye alisimama pale, shali ameikunja vizuri mkononi, uso umemshuka.

"Mama, mimi nilisema Among. Tororo nzima wanajua Among. Sikusema mtoto hata mara moja."

Na kweli hakusema. Nilirudia maneno yake yote kichwani, sikulikuta. Kiswahili cha Okiror kilikuwa kinavunja kila kitu, kitu ya, polisi ya, upande moja. Mahali pamoja tu alikuwa anasema sawasawa kama kitabu, napo ndipo nilipoangukia. Anakula, hasogei, hataki. Mtoto ni a, nyoka naye ni a. Mtoto nilimtia mwenyewe.

Aibu hunipandisha hasira zaidi. Nikatafuta mahali pa kushika.

"Na jiko langu," nilisema, "jiko lililomfaa mjukuu wangu likashindwa kumfaa nyoka? Ukalikataa kama takataka?"

Okiror hakubishana. Alitoa karatasi ya Mwalimu iliyokuwa imebandikwa ukutani, akaanza kunisomea polepole, akikigeuza kile Kiingereza neno kwa neno, akifuata kwa kidole.

"Anasema: usitumie jiko ya makaa ndani ya chumba imefungwa. Makaa hata ikiwa nyekundu bila moshi, inatoa hewa mbaya. Haina harufu, haina rangi. Kiumbe kidogo anakufa kwanza, katika usingizi." Alitafuta mstari. "Halafu anasema: na wewe Okiror, ukilala hapo, utaamka kichwa kinauma sana na unatapika. Ama hutaamka."

Nilimwambia asome tena. Alisoma tena. Nilimwambia asome lile la kutapika. Alilisoma.

Nilikuwa nadhani nimeshashtuka siku ile. Nilikuwa bado. Yule nyoka sikumwona tena, ingawa alikuwa mbele yangu. Nilikuwa naona mikono yangu ikiziba dirisha kwa gunia, ikisukuma mlango mpaka ufunge vizuri, na nikisikia nilivyofurahi kwamba chumba kimepata joto. Okiror aliniletea maji.

"Mama, samahani kwa mambo ya nyoka," alisema.

"Si nyoka, mwanangu," nilimwambia.

Nilirudi kwa basi la mchana. Felistus alikuwa dukani, anapanga madebe, tumbo likimtangulia. Aliniuliza mtoto yukoje. Nilifunga mlango wa duka nikamwambia yote, bila kupamba: kwamba mtoto ni chatu, kwamba nyoka ana barua yake, kwamba barua inasema makaa yanaua. Nikamwambia, "Hukumlalia. Ni jiko langu. Mimi ndiye niliyemuua Oguttu, na nusura nikuue na wewe."

Nilitegemea alie, au anipige. Ningefurahi kama angenipiga.

"Niliamka alikuwa mbali na mimi," alisema. "Kati yetu kulikuwa na mto. Nilikuambia, mama."

"Uliniambia."

"Ukasema naongopa."

"Nilisema."

Alipanga debe moja juu ya jingine, akahakikisha halitikisiki.

"Hukuniambia mimi peke yangu siku ile," alisema. "Ulisimama uani ukawaambia watu. Mimi nimeshasikia. Nenda kawaambie na wao."

Nilimwambia nitasema Jumapili kanisani.

"Leo," alisema Felistus.

Nilikuwa bado nimevaa viatu vya safari. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee Maloba, aliyechimba lile kaburi dogo, na nyumba ya mwisho ya wakwe za Felistus, kwa Luke, ambako nilisema nikiwa nimepiga magoti. Wengine walishika vichwa. Wengine walidhani nimerukwa na akili, kwa sababu ya ile sehemu ya nyoka, lakini sikuiacha. Nilipotoka kwa Luke jua lilikuwa linazama, naye alinifuata nyuma mpaka kwangu.

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi, na dirisha halina gunia. Felistus alikuwa amelala kwa ubavu, amejinyoosha kitandani, mkono mmoja juu ya tumbo. Luke alivua viatu mlangoni akaingia taratibu. Mimi nilibaki nje.