Miwani ya Paskali

Mwalimu Dorkasi alisamehe mengi, lakini si salamu. Miaka yote aliyofundisha Lushoto, mtoto aliyempita bila shikamoo alirudishwa hadi getini aanze upya safari yake. Kustaafu hakukumponya.

Njia yake ya sokoni ilikatiza uwanja wa nyumba ya wageni, penye mikaratusi ambayo majani yake hayaishi kuanguka. Humo Paskali, mwanafunzi wake wa zamani na sasa baba wa watoto, alisukuma mashine ya petroli ya kufyonza majani na kuyajaza kwenye mfuko wake, masikio kayaziba, macho kayafunika kwa miwani mikubwa. Mwalimu alipita leo, kimya. Akapita kesho, kimya. Akamwendea meneja, Yunis.

"Yule Paskali wako siku hizi ana kiburi. Aniache nipite bila shikamoo, mimi niliyemfundisha kushika kalamu?"

"Mwalimu, ile miwani ni ya kujikinga. Mashine inarusha mawe."

"Heshima si utumwa, Yunis. Kuvua miwani ni kazi kubwa?"

Yunis naye alikuwa mwanafunzi wake. Angembishia vipi? Akaufikisha ujumbe.

Tangu hapo Paskali alipomwona mwalimu tu alivua miwani, akashusha vizibo vya masikio shingoni, akainama kidogo. Mashine hakuizima. Kwa baridi ya kule, ilikubali kuwaka kwa kubembelezwa, na ile kamba ya kuiwashia ilikwisha kumchosha bega. Aliiacha ingurume, feni ikizunguka ndani. Na mwalimu alifurahi. Hilo ndilo linalomuuma hata leo, kwamba alifurahi, akaenda sokoni kununua karoti kifua mbele.

Asubuhi moja ya ukungu Paskali alisema, "Shikamoo, mwalimu," na kabla hajaitikiwa, kokoto likafyatuka pale mfuko wa majani ulipokuwa umechanika, likampiga jichoni. Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye majani, kiganja usoni.

"Samahani, mwalimu," alisema. Yeye ndiye aliyeomba samahani.

Jicho la kulia halikupona. Dorkasi alikwenda kwake kuungama, hotuba nzima kaipanga, lakini Paskali hakumpa nafasi.

"Ni bahati mbaya tu, mwalimu. Ule mfuko sikuushona."

Laiti angemlaumu. Lawama angeibeba, ule upole ulimshinda.

Basi akaanza kupita njia ya bondeni, yenye utelezi na mwinuko wa kukata pumzi, ili Paskali asipate sababu ya kuvua kitu. Juzi mvua ikaibomoa njia hiyo, na hakuwa na budi kupita uwanjani. Mwalimu mzima alinyata upande wa jicho bovu kama mwizi wa kuku.

Alimwonaje, Mungu ndiye ajuaye. Mashine ilizimwa. Paskali alingoja hadi feni iliposimama kabisa, akavua miwani, akageuza kichwa chote ili jicho lililobaki limfikie.

"Shikamoo, mwalimu."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Dorkasi alitamani apitwe bila salamu.

"Marahaba," alijibu. "Vaa miwani, mwanangu. Vaa kwanza."

Paskali akaivaa palepale, bila kuuliza, kwa utii uleule aliokuwa akiivulia.