Tepe za Pinki Msituni

Mwezi wa tatu, mto ulipofurika msituni, niliingia na mtumbwi nikafunga tepe za pinki kwenye mialoni, mti baada ya mti, hadi kwenye miti yangu ya mayhaw, ile ya vitunda vyekundu vichachu. Pale hapajui mtu. Jeli ya vitunda vile imekaa mbele kwenye meza ya maonyesho ya kanisa letu miaka kumi na mmoja, na wifi yangu Ozite, dada wa marehemu Alcide wangu, hajanisamehe bado.

Mwezi wa tano maji yakashuka, nikarudi kwa miguu. Langoni mwa hifadhi kila mgeni hujaza kadi: umekuja kufanya nini. Nikaandika: kutazama ndege.

Nilitembea saa nzima. Sikuona tepe hata moja. Nikajua tu, Ozite amezing'oa. Na kweli, kugeuka hivi, huyo hapo, kajificha nyuma ya mti mwembamba kuliko mguu wake, ndoo mkononi.

"Wifi, tepe zangu ziko wapi?"

"Tepe gani? Mimi nimekuja kutazama ndege."

"Na ndoo?"

"Wapo wengine wakubwa."

Nilimsogelea nimpe vidonge vyake, tope likanishika miguu, nikaenda chini chali. Ndipo nikaziona. Tepe zote zilikuwa juu, mara mbili ya kimo cha mtu, palepale nilipozifunga nikiwa mtumbwini.

"Unacheka nini?" akauliza.

"Nasali."

"Basi nangoja amina."

Akakaa kwenye gogo, akatoa soseji yake ya wali, akala taratibu. Bila mkono wake nisingeinuka. Yeye alijua, na magoti yangu yalijua.

Soseji ilipofika nusu, nikanyoosha kidole juu. Akatazama, akacheka mpaka akakohoa, kisha akaanza kuzifuata tepe uso ukiwa mbinguni. Hatua nne tu. Nikasikia tope likimpokea.

Tukalala pale wawili.

"Nusu kwa nusu," nikasema, "ndiyo tuinuane."

"Na meza ya kanisani?"

"Ile meza ni ndefu, wifi."

Akafikiri kwanza, mshenzi yule. Halafu akanipa mkono.

Jioni langoni kadi ikauliza tumeona nini. Ozite akaandika kwa herufi kubwa: ndege wazee wawili, wameanguka, hawakuumia.